Huyu jamaa ametulipisha MAZIWA!!!

Wadau, simtaji, mnamjua. Yule mchekeshaji wa miwani ya jua saa nne usiku. Bango limeandikwa "Usiku wa Andy Kaufman", tiketi sh1,500. Mwisho wa shoo anatangaza maziwa na biskuti kwa ukumbi mzima, watu wakashangilia kama wamefutiwa madeni. Kushuka ngazi: kijana, meza, till namba. Pakiti ndogo sh150. MAZIWA!

Kaufman mwenyewe, mchekeshaji wa Marekani, 26 Aprili 1979, aliwatoa watu kwenye shoo yake ukumbi wa Carnegie Hall, New York, akawapakia kwenye mabasi, akawanywesha maziwa na kuwalisha biskuti. Bure! Kesho yake shoo ikaendelea kwenye feri ya Staten Island kwa aliyetaka kuja. Utamu ni huo: ahadi ya kijinga, halafu inatimizwa kweli. Ukitoza hata bob moja umefungua kibanda.

Na ile ya wimbo wa Mighty Mouse, yule panya shujaa wa katuni, huyu wetu pia aliiharibu. Kaufman aliifanya Oktoba 1975, kipindi cha kwanza kabisa cha Saturday Night Live, ile shoo ya vichekesho ya runinga Marekani. Unawasha santuri, unasimama mikono imelegea, macho yanahangaika, hufanyi LOLOTE. Ukifika mstari wa Mighty Mouse mwenyewe, mkono juu, unaufuatisha kwa mdomo, huo tu, kisha unaganda tena. Katikati unakunywa maji. Watu wanacheka kwa sababu ya kungoja. Huyu wetu aliimba wimbo mzima! Kwa sauti! Na kiuno akakata!

Hayo basi ningemsamehe. Lakini sh150, wadau. Na yalikuwa ya moto kama yametoka kwa buti ya gari.

Babu wa Kariokor: Swali moja tu. Ulilipa?

Mleta uzi: Hiyo si hoja.

Babu wa Kariokor: Alilipa 😂😂 Na biskuti akaongeza.

Sindano: Santuri iliruka mara ngapi? Jukwaa la mbao, kila mtu akikanyaga sindano inaruka. Gramafoni iwekwe juu ya sponji nene, meza yake isiguse jukwaa. Ama wimbo utoke kwa simu, gramafoni iwe pambo, nani atajua? Mafundi wa sauti hapa Nairobi wanajua kuongeza besi tu.

Dada Mieleka: Afadhali maziwa. Kuna mwingine, naye mnamjua, aliiga mieleka ya Kaufman na wanawake, kisha akasimama kutueleza kwamba walikuwa wamepanga. Nani alikuuliza?! Kaufman alibamizwa kichwa na mwanamieleka Jerry Lawler kule Memphis Aprili 1982, akatembea na kola shingoni, Julai Lawler huyo huyo akamzaba kofi kwenye kipindi cha runinga cha Letterman, mbele ya kamera. Akafa Mei 1984, ana miaka 35, hajasema kitu. Ilikuja kujulikana baadaye sana kwamba walipanga. Wengine hadi leo wanabisha hata hicho kifo!

Sindano: Na ma-MC wa harusi je? Anasimama na maiki mbele ya spika, inapiga mluzi, anaigonga na kidole. Rudi NYUMA ya spika, bana.

Kunguru Mweusi: "Sijasikia makofi, rudieni tena." Mara sita.

Mleta uzi: Jameni, uzi ni wa MAZIWA.

Dada Mieleka: Kunguru, huyo wa makofi si ndiye yule wa Ruiru, wa suti ya kijani?

Kunguru Mweusi: Ndiye! Na deposti harudishi.