Krismasi kambini: nina vijana sita hawajawahi kula sikukuu nje ya kwao, niwafanyie nini?

KoploWaZamu:
Wakuu, salaam.

Mwaka huu zamu ya Krismasi ni yangu, na nimepewa vijana sita waliomaliza mafunzo juzi tu. Naomba ushauri kwa waliopitia, maana ya kwangu ya kwanza naikumbuka vibaya.

Haikuwa na hatari yoyote, na shida ilikuwa hapo hapo. Siku ya mkesha tulipaka mawe chokaa, mawe yale yale tuliyoyapaka wiki mbili kabla, kando ya njia ambayo hakuna aliyeipita. Wenye watoto walikuwa wamepewa ruhusa. Tukabaki sisi makapera na paka wa jikoni.

Nikapangiwa lindo la tangi la maji. Kutoka tangini hadi kona ya uzio ni hatua 42. Kurudi 43, sijui kwa nini. Kila saa naandika kitabuni "shwari". Nikafunua kurasa za nyuma, nikamkuta aliyesimama pale Krismasi iliyotangulia naye kaandika "shwari" mara kumi na mbili, ila ya mwisho kaichorea kinyota pembeni. Kile kinyota nilikitazama sana, jamani.

Jioni tukapewa simu, dakika tano kila mtu. Mama akauliza kama nimekula. Nimekula. Akampa dada, dada akampa mtoto wake, mtoto akawa anapumua tu kwenye simu. Dakika zikaisha.

Sasa hawa sita niwaandalie michezo, au niwaache walale?

ButiKuukuu:
Afande koplo, hotuba usiwape. Nimekula sikukuu 19 kambini kabla ya kustaafu, na saa mbaya ni ile baada ya chakula cha mchana, kijana amelala chali anahesabu mabati. Hapo ndipo kwao kunapomwingia. Michezo iweke saa hiyo. Lindo ligawe saa mbili mbili, na la usiku wa manane shika mwenyewe. Chakula pia wapakulie wewe. Majeshi mengi wakubwa huwapakulia wadogo siku hiyo, hata kama mwiko hawajui kuushika.

Mwezi_Mwandamo:
Kikosini kwetu tulikuwa na mapatano ya mdomo: Waislamu tunashika lindo Krismasi, wenzetu wanatushikia Idi. Basi mwaka mmoja mwenzangu akanishikia akijua Idi ni kesho. Mwezi haukuandama, tukafunga ya thelathini, naye akashika siku mbili. Mpaka leo ananidai.

Msomaji wa Zamani:
Krismasi ya 1914 Waingereza waliwaandalia askari wao wa mstari wa mbele kijaluba cha shaba kwa jina la Princess Mary, binti wa mfalme wao, ndani tumbaku na sigara. Asiyevuta alipewa peremende, na karatasi na penseli ya kuandikia barua. Tumbaku ikaisha, vijaluba vikabaki, wengi wakatunzia picha na barua. Kwa hiyo koplo, tafuta hata kitu kidogo cha kumtia kijana mkononi.

MkeWaLindoni:
Mimi si askari, mume wangu ndiye. Hiyo simu ya kuzungushwa nyumba nzima tuliiacha. Kila mtu anauliza "hujambo" halafu muda umekwisha, na usiku mzima unajilaumu hukumwambia kitu. Siku hizi anaongea na mtu mmoja tu, wengine tunakaa kimya tunasikiliza. Mwaka jana mama mkwe alimsimulia mbuzi aliyeingia chumbani, dakika zote tano. Alicheka yule! Waambie vijana wako wachague wa kuongea naye mapema.

KoploWaZamu:
Ahsanteni sana. Hilo la simu nimeshawaambia, na mmoja kamchagua bibi yake ambaye hasikii vizuri. Tutaona.

Orodha nimeibadilisha. Tangi la maji, saa sita usiku hadi saa nane, nimejiandika mimi. Nitazihesabu tena zile hatua.

Ila mawe, amri imeshatoka. Chokaa kesho asubuhi.