Amefuta chai kwa fomu zetu za chama. CHAI!

Mshona Kola:
Wakuu, naandika nikiwa kituoni, daladala ya tatu imepita sijapanda, mikono inatetemeka. Bosi wetu yule, na mnamjua, yule anayepiga picha na kila mgeni wa serikali anayekanyaga EPZ, eneo letu la viwanda vya kuuza nje, leo saa nne asubuhi amefuta chai kwa fomu zetu za chama cha wafanyakazi.

Chai. Ya rangi. Yenye tangawizi.

Wiki tatu tumepitisha TUF 6, fomu ya kuruhusu ada ya chama ikatwe kwenye mshahara, kimyakimya, laini kwa laini, chooni, kwenye foleni ya kantini, wengine wamesaini juu ya mapaja ndani ya gari la Mbagala. Fomu 43. Kuna dada wa mashine ya ovaloki ambaye kuandika kunamsumbua, alijifunza saini yake siku mbili nzima kwenye mabaki ya vitambaa asije akaharibu fomu. Leo tukaenda watatu kumkabidhi, kwa heshima zote, na shikamoo juu. Akapokea. Hakusoma hata jina moja. Mezani chai ilikuwa imemwagika kidogo, tone ambalo hata nzi asingezama, jamaa akachukua fungu zima akalilaza pale akafuta. Taratibu, huku anatuangalia usoni. Akaligeuza upande wa pili, akafuta tena! Halafu anasema, "Huku ni EPZ. Chama kiko nje ya geti."

Huyu mtu aliingia kwa sheria ya EPZ ya 2002, ile iliyokuja kufutwa 2025, ikampa miaka 10 ya kutolipa kodi ya mapato ya kampuni. Miaka 10 bila kodi ya zuio kwenye pango, gawio wala riba. Mashine na malighafi zinaingia bila ushuru wa forodha. Tozo za halmashauri, msamaha miaka 10. Yeye alitakiwa tu auze nje angalau asilimia 80 ya tunachoshona. Amesamehewa mpaka nahisi akipiga chafya kuna msamaha wake. Mimi mwezi uliopita nimepiga ovataimu mpaka macho yakavimba, nikafikisha 310,000. NSSF wakakata 31,000. Iliyobaki ikazidi ile 270,000 isiyotozwa kodi kwa elfu 9 tu, TRA wakachukua asilimia 8 yao hapohapo: shilingi 720. Mia saba na ishirini! Mimi ndiye nimechangia nchi hii, halafu yeye anafutia meza jina langu.

Na Sheria ya Ajira ya 2004 haina geti. Kifungu cha 9 kinasema mfanyakazi ana haki ya kujiunga na chama. Ambao sheria hiyo haiwahusu ni jeshi, polisi, magereza na JKT. Sisi tunashona suruali. Kifungu cha 61, ukishajaza fomu mwajiri anakata ada na kuipeleka chamani ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Hakuna kifungu cha kufuta chai.

Fomu ya yule dada ilikuwa ya juu kabisa. Nimeona wino wa saini yake unachuruzika.

Nawasilisha.

Kobe wa Tandika:
Pole mkuu. Kiwandani mko wangapi?

Mshona Kola:
600 na kitu.

Kobe wa Tandika:
43 kwa 600 hicho siyo chama, ni kikoba. Soma kifungu cha 67, chama kinakaa mezani na mwajiri kikiwa na wengi. Tafuta zaidi ya nusu ndiyo uje ulie hapa.

Mshona Kola:
Hiyo ni ya kujadiliana mishahara. Kujiunga hakuna idadi, hata mtu mmoja anajiunga. Na ungekuwepo pale akiligeuza lile fungu upande wa pili usingeniuliza hesabu.

Hoja Nzito:
Subiri kwanza. Mlimpa zile zenyewe? Hamkutoa kopi? Kopi ni mia. 4,300 imewashinda watu 43, halafu mnataka kupambana na mwekezaji?

Binti Mwanahawa:
Hoja Nzito 😂😂 umeua

Bush Lawyer:
Dada usiwasikilize. Jazeni upya, safari hii asipeleke mfanyakazi, aende katibu wa chama mwenyewe, kifungu cha 60 kinamruhusu kuingia eneo la kazi. Na bosi akimfukuza mtu yeyote kazi kwa ajili ya hizo fomu, ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 tangu barua ya kuachishwa. Siku ya 31 utaanza kuombea kibali cha kuchelewa. Waliochelewa nawajua wengi.

Mtumishi Hewa:
Nyie mna bahati mnaombwa msaini. Mimi huku serikalini sijawahi kusaini karatasi yoyote, nakatwa asilimia 2 kila mwezi, nikiuliza naambiwa ada ya uwakala, ya chama ambacho sijajiunga. Mwaka wa nane huu. Nilichopata ni fulana ya Mei Mosi, nayo hainiingii kichwani.

Kobe wa Tandika:
Wewe ulipewa fulana? Sisi kofia.

Meza Mbili:
Mnalialia na mshahara mnao. Mimi machinga, 2019 nimelipa 20,000 ya kitambulisho cha wajasiriamali, nikaambiwa sitabughudhiwa. 2021 meza zangu zote mbili zikavunjwa. Kitambulisho ninacho mpaka leo, nimekilaminisha. Nani alinipa mimi miaka 10 ya msamaha? Mimi sikupewa hata dakika 10 za kuokoa mzigo.

Jirani wa Athi River:
Poleni sana ndugu zetu. Hata huku Kenya EPZ ni hivyo, miaka 10 ya kwanza hakuna ushuru wa mapato, 10 inayofuata asilimia 25. Lakini katiba yetu ya 2010, ibara ya 41, imeandika waziwazi haki ya kuingia chama na hata kugoma.

Hoja Nzito:
Huyu kaja na katiba yake. Sukari kwenu kilo shilingi ngapi?

Binti Mwanahawa:
Kwani huyo bosi chai ya rangi kila siku? Kodi halipi na maziwa hanunui?

Mshona Kola:
Jamani hoja siyo maziwa. Watu 43 wameandika majina yao, mtu anafutia meza!

Kata Funua:
Wa EPZ mwenzako hapa, kiwanda kingine. Huko kantini mnapewa nini? Sisi maharage ya siku tatu, ukiyaangalia yanakuangalia.

Meza Mbili:
Maharage unapewa BURE unalalamika?

Kata Funua:
Nani kakwambia bure? Tunakatwa.

Mtumishi Hewa:
Kukatwa. Ndiyo maana nasema, kukatwa ndiyo shida ya nchi hii.

Fundi Mdogo:
Samahani mleta mada, hapo kwenu bado wanachukua watu? Mdogo wangu ana cheti cha VETA cha ushonaji, yuko nyumbani tangu mwaka jana.

Kata Funua:
Kwetu wanachukua, aje getini Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, awe na kitambulisho cha NIDA na picha mbili.

Fundi Mdogo:
Namba ya NIDA anayo, kadi bado. Itakubalika?