Picha ya ujenzi wa mnara Dar, ni Sanamu ya Askari au ile ya Mjerumani?

kijana_wa_ilala: Wakuu habari zenu. Marehemu babu kaacha boksi la picha, nyingi za ndugu, ila kuna moja nimeikodolea macho tangu jana. Ni msingi wa mawe, umezungukwa na jukwaa la miti iliyofungwa kwa kamba, juu patupu, chini wamesimama vibarua peku, mmoja kajitwika karai na mwingine anamtazama mpiga picha usoni kabisa. Nyuma kuna penseli, "Dar es Salaam" basi, mwaka hamna. Hii ni Sanamu ya Askari pale mtaa wa Samora au?

mzee_gerezani: Tafuta simba, mkuu. Kwenye ile ya Mjerumani, Wissmann, aliyekuwa gavana wa Kijerumani, alisimama juu, na chini yake kulikuwa na askari mwafrika anamfunika simba kwa bendera ya Ujerumani. Waingereza walipoteka mji 1916 wakaing'oa, ikaishia Hamburg, na wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha 1968. Kama hakuna dalili ya simba basi mimi naegemea Askari, ile ya kumbukumbu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambayo ilizinduliwa 1927, jamaa yuko peke yake na singe kaielekeza bandarini.

binti_posta: Na huko juu kuwa patupu ndo kunazidi kunipa imani ni Askari, maana ile sanamu yenyewe ilichongwa na mchongaji Mwingereza, Stevenson, ikamiminwa London, ikaja na meli imeshakamilika. Kilichojengwa hapa ni msingi, kwa hiyo hao wa karai ndo wajenzi wenyewe na hakuna kibao kinachowataja.

otis_nbo: Sisi Nairobi kwenye sanamu kama hiyo pale Kenyatta Avenue wako watatu na mmoja wao ni mpagazi. Ya kwenu maandishi yanawataja wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini pale juu kasimama mwenye bunduki tu, na wale wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Inaniuma sana hiyo.

kijana_wa_ilala: Nimeangalia kwa lenzi, simba hakuna. Asanteni sana wakuu. Kesho naipeleka kwa bibi mdogo, yeye anazijua sura za wazee wetu, huenda babu mzaa babu yumo humo.

binti_posta: Iskani kwanza pande zote mbili, na hiyo penseli usiifute. Bibi akimtambua mtu andika jina lake kwenye karatasi pembeni, usiandike juu ya picha.