Mnaotuuzia RAM za AMD tukiwa na mashine za Intel halafu mnatuambia "bodi imekufa", mwogopeni Mungu

Jamani leo nina hasira na asije mtu hapa kuniambia nipoe kwanza, nshapoa siku nne nzima na haijasaidia kitu.

Mimi nina kisaiba kidogo hapa Langoni, Lamu, mashine tatu na printa moja. Najazia watu fomu za eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, naprinti, naskani vitambulisho, na mwezi huu wa sita ndio msimu wenyewe wa ritani za KRA, wale watu wa kodi, mwisho tarehe 30 na kama mnavyotujua watu wa hapa kila mtu anakumbuka tarehe 28. Mashine ninayoitegemea ni ile ya mezani, kompyuta ya mtumba wa Uingereza, prosesa yake, yaani ubongo wake, ni Intel Core i5 ya kizazi cha nne, lakini RAM yake, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 4 tu, ukifungua kurasa tatu za brauza unaweza kutoka ukanywe chai na mahamri mawili urudi ukute bado kinazunguka. Nkasema mwaka huu siaibiki, naongeza GB 8.

Nkampigia jamaa mmoja ana duka Malindi. Na hapa nataka mnisikilize vizuri kwa sababu ndipo anaponigeuka sasa hivi. NILIMTUMIA PICHA ya RAM ya zamani, mbele na nyuma, imeandikwa wazi PC3-12800, yaani ya aina ya DDR3, nkamwambia na mashine ni Core i5. Akanijibu "ipo babaa, 2,800, tuma tu." Nkatuma kwa M-Pesa. Mzigo ukapanda basi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, ukavuka na boti, mia tatu nyingine hizo. Nkaufungua nkakuta RAM imefungwa gazeti kama bajia. Haya, nkanyamaza.

Nkazima, nkachomoa umeme, nkaipachika sloti ya pili mpaka vishikio vikalia tak tak pande zote mbili. Kuwasha, feni inazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi kama kisima, na spika ndani inalia piii, piii, piii. Nkaitoa nkabakisha ile ya zamani peke yake, vilevile! Hapo jasho lilinitoka wallahi, maana ile ya zamani asubuhi ilikuwa inafanya kazi na mlangoni kuna mama wawili wananingoja na namba zao za PIN mkononi.

Nkampigia muuzaji. Hata sekunde kumi hakunisikiliza. "Ah, hiyo bodi, ubao mkuu wa mashine, imekufa, umeishika na umeme wa mwili umeichoma. Niletee nikuwekee nyingine, elfu saba." Kwa simu! Hajaiona, hajaigusa, hajauliza inalia vipi, kashaitangazia msiba na jeneza analo tayari la kuniuzia.

Nilikuwa karibu kuingia kwenye mtego, Mungu si Athumani nkampigia mtoto wa dada yangu yuko Mombasa anasomea mambo haya. Akaniambia, "Mjomba, toa RAM zote, usiache hata moja, washa." Nkawasha, ikalia. "Basi bodi iko hai na prosesa iko hai, zinatafuta RAM hazioni. Maiti haipigi kelele mjomba."

Akaniuliza viguso vya RAM ya zamani, zile pini za ukingoni zinazoingia kwenye sloti, vina rangi gani. Nkatazama kwa tochi ya simu, vimefifia, vina ukungu ukungu. Wenzangu wa Lamu mnajua, upepo wa kusi ukivuma huku chumvi inakula mpaka bawaba za milango, sembuse kitu chembamba kama kile, na ilikuwa haijachomolewa tangu ninunue mashine, mimi kuichomoa na kuirudisha ndio nkaharibu mguso. Akaniambia chukua raba ya penseli, ile nyeupe laini, sugua viguso polepole pande zote, pangusa, usivishike na vidole. Sloti nkazipiga brashi kavu. Kisha umeme ukiwa umechomolewa nkatoa ile betri ya mviringo ya CR2032, nkabana kitufe cha kuwashia kama sekunde 20, nkangoja, nkarudisha betri, nkaweka RAM moja tu sloti ya kwanza. Ikawaka! Yule mama mmoja akapiga kigelegele, sijui hata alielewa nini kimetokea.

Tena usishangae ukurasa wa KRA ukikataa kufunguka baada ya hapo, kutoa betri kunafuta saa, mashine ilidhani tuko miaka ya nyuma huko na brauza ikawa inakataa usalama wa tovuti. Weka tarehe sawa, mambo yanarudi.

Sasa nkajaribu ile mpya peke yake, nshaisugua pia. Sloti ya kwanza, skrini nyeusi na piii. Sloti ya pili, piii. Ile ya zamani inakubali sloti zote mbili. Sasa mwenye kosa nani? Kijana akasema nimpigie picha ya stika. Nkaangalia vizuri, pembeni pamekwanguliwa na kitu chenye ncha, zimebaki herufi mbili tu, MD. Akacheka sana. Mimi sikucheka.

Ni RAM za AMD tu, yaani za mashine zenye prosesa za AMD, washindani wa Intel. Pini zilezile 240, pengo lilelile, inaingia na inabana vizuri kabisa, huwezi kujua kwa macho. Lakini chipu zake kila moja inatoa biti 4 badala ya 8 za kawaida, na prosesa za Intel kama yangu haziwezi kuisoma, za AMD za zama hizo ndizo zinaisoma. Ndio maana GB 8 inakuwa bei rahisi. Si mbovu, ila kwangu mimi ni kipande cha plastiki, na aliyekwangua ile A anajua kwa nini aliikwangua.

Nkamrudia muuzaji na picha zote. "Bidhaa ikishauzwa hairudi, halafu hukuniambia ni Intel." Core i5 ni ya nani, ya babu yake? Nkamkumbusha na bodi yangu aliyoizika, kwamba inafanya kazi mpaka sasa, akanyamaza kimya. Tiki mbili za bluu, basi.

Kwa hiyo mkinunua RAM za DDR3 muulize "hii ni ya Intel na AMD zote?" na jibu liwe kwa maandishi, na stika iliyokwanguliwa msiipokee. Na fundi akikwambia bodi imekufa kabla hajatoa RAM zote akasikiliza, kata simu.

Ritani za watu nilimaliza kwa GB 4 yangu ileile, kwa chai na mahamri. Kama kuna mtu hapa ana mashine ya AMD ya DDR3 aniambie, nna RAM ya GB 8 nauza, na stika sijaikwangua zaidi ya nilivyoikuta.