KIDOLE GUMBA! Nani alimruhusu yule mtu kubonyeza kioo cha ndege yangu?

Pua_ya_Kireka

Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua. Naandika usiku huu huu kwa sababu nikilala na hasira hii sitaamka.

Mnamjua. Simtaji. Mwenye glavu nyeupe. Kila aliyewahi kuweka modeli ya ndege juu ya meza ya maonyesho hapa Kampala anamjua, na kama wewe humjui basi Mungu anakupenda kuliko sisi.

Leo nilipeleka Dornier Do 217 K-2 yangu, ile ndege ya mabomu ya Wajerumani ya Vita Kuu ya Pili, ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli. Miezi saba, wakuu. Seti niliyoipata ilikuwa ya aina ya E, ile yenye pua iliyokatwa kama ngazi. Kuigeuza iwe K-2 si kubandika stika. Mabawa ya E yalikuwa mita 19 toka ncha hadi ncha, ya K-2 ni mita 24.8, yalirefushwa ndege ipate kupanda juu na bomu zito la Fritz X, lile lililoongozwa kwa redio. Kwa kipimo chetu ni kutoka sentimita 26.4 hadi 34.4. Hizo sentimita nne kila upande nimezichonga mwenyewe kwa plastiki ya bango la duka, tabaka juu ya tabaka, na spoku ya baiskeli imepita ndani ili bawa lisilegee. Juu yake fila ya magari, ile ya kuzibia mashimo, kutoka Katwe. Msasa, fila, msasa, fila. Nyumba nzima tumekula vumbi, mpaka mke wangu akahamishia unga wa posho chumbani.

Halafu pua. Pua ya K yote ni kioo, imeviringana kama yai. Nikachonga kalibu ya mvule, nikakata chupa ya maji, nikaivika kwenye kalibu na kuipasha moto hadi plastiki inywee ishikane na mbao. Ya kwanza ilikunjamana. Ya pili iliungua. Ya sita umeme ulikatika katikati ya kazi. Ya kumi na moja ikatoka safi kama jicho la mtoto mchanga. Nikakaa nayo mkononi nusu saa bila kusema neno.

Sasa yule akaja mezani kwangu. AKAVUA GLAVU. Lancaster yake mwenyewe, ile ndege ya mabomu ya Waingereza, haigusi bila glavu, hata mbu akitua juu yake anaombwa avae glavu. Kwa yangu akazivua, akazitia mfukoni, akaweka kidole gumba kwenye kioo cha pua, akabonyeza. Tik.

"Hii ni chupa ya maji."

Watu wakacheka.

Tik! Hadi sasa naisikia. Kimebaki kibonyeo chenye mstari mweupe, umetoka dirisha la katikati hadi ukingoni, na mstari wa namna hiyo hautoki kwa msasa wala kwa dawa ya meno. Nimejaribu ndani ya taksi nikirudi.

Na angalau angebonyeza mkia! Tarehe 13 Septemba 1943, karibu na Salerno kule Italia, Fritz X ilipiga manowari ya Waingereza iliyoitwa HMS Uganda. UGANDA. Jina letu. Bomu lilitoboa sitaha saba, likatokea chini ya meli ndipo likalipuka. Mabaharia 16 walikufa. Na aliyeliongoza bomu la namna ile kwa redio alikuwa wapi? Nyuma ya kioo kile kile! Kijiti mkononi, macho kwenye moto uliokuwa ukiwaka mkiani mwa bomu, hadi mwisho. Ndiyo maana niliichagua ndege hii kati ya zote. Mtu anaweka kidole gumba mahali ambapo habari nzima ilitokea, kisha anacheka.

Alivua glavu. Jamani, alivua glavu.

Boda_wa_Jinja

Miezi saba kwa chupa ya shilingi elfu moja 😂😂 Nimecheka hadi abiria wangu kaomba kushuka.

Afande_Mstaafu

Pole sana kijana wangu. Meli hiyo naifahamu. Ilikwenda kutengenezwa Marekani, na Oktoba 1944 ikakabidhiwa Kanada, nao wakabaki na jina hilo hilo la Uganda ikaenda nalo Pasifiki. Watu wengi hapa nchini hawajui. Lakini nikuulize, ni kweli ilikuwa chupa ya maji?

Pua_ya_Kireka

Shikamoo mzee. Ndiyo, ni chupa. Lakini mzee, aliBONYEZA.

DadaRangi

Banange, kumbe siko peke yangu. Mimi mwaka jana nilileta Lancaster II. Nilitupa zile injini za Merlin za kwenye seti, nikachonga injini nne za Hercules za duara, zile ambazo silinda zake zimezunguka kama petali, kwa vifuniko vya dawa na waya wa simu, silinda moja moja, kumi na nne kila injini. Huyo huyo akasimama mbele ya watu akasema Lancaster haikuwa na injini za duara, eti nimechanganya na Halifax, ndege nyingine ya mabomu. Ndege 300 zilitengenezwa hivyo, kwa kuhofia Merlin zitapungua! Nikanyamaza kwa sababu ya umri wake. Najuta hadi leo.

Pua_ya_Kireka

Dada unaona? Sasa yako aliisema kwa mdomo. Yangu kwa kidole.

Msasa_wa_Maji

Mimi nitasema ukweli hata mkinipiga mawe. Huyo bwana ndiye aliyenifundisha kupiga msasa ndani ya maji, bure, jioni tatu nzima. Ana mdomo, nakubali, lakini mikono yake ni ya dhahabu.

DadaRangi

Mikono ya dhahabu yenye kidole gumba cha chuma.

Fundi_Tororo

Mleta uzi tuliza munkari nikwambie kosa lako. Chupa ya maji ni nyembamba. Tumia ya soda, ile ya lita mbili, sehemu ya begani ambapo plastiki ni nene. Ungetumia hiyo angebonyeza hadi kucha ing'oke.

Boda_wa_Jinja

Ya soda ina rangi ya kijani ssebo.

Fundi_Tororo

Si zote. Na tena usibandike kioo kwa supaglu, moshi wake unaacha ukungu mweupe kwa ndani. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani.

Mkono_wa_Busia

Nyie mna vioo vya kubonyezwa. Mimi nina Wellington, ndege nyingine ya mabomu ya Waingereza, au nilikuwa nayo. Mnajua mwili wa Wellington ulivyosukwa, ule mtandao wa mhandisi Barnes Wallis, vyuma vimepishana kama tenga la kuku, juu yake kitambaa. Nilitaka upande mmoja uwe wazi, mtandao uonekane. Nikausuka kwa uzi wa kuvulia samaki juu ya kalibu ya mti wa musizi, fundo moja moja, kwa koleo la nyusi la dada yangu. Wiki tano. Mtoto wa jirani kaingia, kaona tenga, kaweka panzi ndani.

Afande_Mstaafu

Panzi alitoka?

Mkono_wa_Busia

Alitoka kwa kula kitambaa, afande.

DadaRangi

Kwa stika je, mnachapisha wapi? Nilipeleka karatasi ya stika za maji, zile unazoloweka ndipo uzibandike, duka moja pale Nasser Road, nikamwambia kijana nataka duara za jeshi la anga la Uingereza, nyekundu katikati. Kanipa nyekundu nje na buluu katikati, eti inapendeza zaidi. Na karatasi ile niliingoja miezi minne, kifurushi kimelala ofisini, kila nikienda naambiwa njoo kesho, mwishowe nikatozwa pesa za kukitunza.

Mkono_wa_Busia

Usiniguse hapo kwa vifurushi. Changu kilifunguliwa, magurudumu mawili hayamo. Nani anaiba gurudumu la milimita ishirini?

Msasa_wa_Maji

Gurudumu unalichonga mwenyewe kwa kifungo cha shati. Shati la shule, vile vifungo vinene. Unakivika kwenye msumari, unaufunga kwenye drili, unakizungusha juu ya tupa.

Mkono_wa_Busia

Vifungo vya kushonea vyenye matundu manne?

Msasa_wa_Maji

Matundu unaziba na fila. Katwe, kopo dogo, lile la kijivu. La pinki linapasuka likikauka.

Pua_ya_Kireka

Wakuu, turudi kwa mada. Jumamosi ijayo atakuwepo pale tena. Nimwendee nimwambie nini? Alivua glavu makusudi, hilo nitakufa nikilisema.

Fundi_Tororo

La pinki halipasuki ukichanganya vizuri. Watu wanaweka dawa ya kukaushia nyingi mno halafu wanalaumu kopo.

DadaRangi

Kopo la kijivu ni bei gani siku hizi?

Msasa_wa_Maji

Limepanda. Bora mchange wawili mgawane, maana ukishalifungua halikai.