Kukopa upya ili kumlipa mtalaka sehemu yake ya nyumba: nianzie wapi?

Mama Wawili, Kigamboni

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba mwongozo katika jambo ambalo limeninyima usingizi tangu hukumu itoke. Mwaka 2016 mimi na baba watoto tulinunua nyumba Kibada kwa mkopo wa benki wa miaka 20. Hati ina majina yetu wote wawili, na mkataba wa mkopo tulisaini wote. Sasa ndoa imevunjwa mahakamani, mwenzangu amepewa asilimia 40 ya nyumba na mimi 60, na nimeruhusiwa kumlipa sehemu yake ili nibaki hapo na watoto.

Mthamini ameipa nyumba thamani ya shilingi milioni 180, na benki bado inatudai milioni 62. Kwa hesabu yangu, asilimia 40 ya milioni 180 ni milioni 72. Nikijumlisha na deni, natakiwa kukopa milioni 134. Mshahara wangu ni 4,800,000, na baada ya kodi na mfuko wa hifadhi ya jamii napokea 3,200,000, ingawa SACCOS ya kazini bado wananikata 150,000 kila mwezi. Nina umri wa miaka 42. Baba watoto anasema hakuna haja ya kuhangaika: ataandika barua ya kujitoa kwenye nyumba, nami niendelee na marejesho kama kawaida, halafu yeye nimlipe taratibu. Je, barua hiyo inatosha?

Dawati la Mikopo

Pole sana, dada. Nilishughulikia mikopo ya nyumba kwa miaka 11, na barua za namna hiyo nimeziona nyingi. Hazimtoi mtu kwenye deni. Benki haikuwa sehemu ya kesi yenu ya talaka. Inachokijua ni mkataba wenye saini mbili, na mpaka yenyewe ikubali kwa maandishi kumwachilia mmoja, wote wawili mnadaiwa deni zima, si nusu kwa nusu. Ukikwama miezi mitatu, atapigiwa simu yeye pia, na nyumba itakwenda mnadani bila kujali nani alibaki na watoto.

Sasa hesabu yako. Hebu rudi kwenye hukumu uisome neno kwa neno, kwa sababu nadhani umempa mwenzako zaidi ya haki yake. Ikiwa mahakama iligawa kile mnachokimiliki kweli, deni linatoka kwanza: milioni 180 ukitoa 62 zinabaki 118, na asilimia 40 ya hizo ni milioni 47.2. Mkopo mpya utakuwa milioni 109.2, wala si 134. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama unakubaliwa au unakataliwa. Tukichukua riba ya asilimia 15 kwa miaka 15, ambayo nimeiweka kwa mfano tu, milioni 134 zinadai marejesho ya takribani 1,875,000 kwa mwezi, na milioni 109.2 zinadai takribani 1,528,000. Kanuni ya kawaida ni kwamba makato yote yakishatolewa, mfanyakazi lazima abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake wa kabla ya makato, ambayo kwako ni 1,600,000. Kwa mkopo mkubwa unabakiwa na 1,325,000, kwa hiyo faili lako linafungwa mezani siku hiyo hiyo. Kwa mkopo mdogo unabakiwa na 1,672,000, unapita, lakini kwa tundu la sindano. Wakiiona ile 150,000 ya SACCOS unashuka hadi 1,522,000 na umekwama tena. Malizana na SACCOS kwanza, uchukue barua yao ya kuthibitisha kwamba hudaiwi, ndipo upeleke maombi. Umri hautakusumbua, maana mkopo wa miaka 15 utaisha ukiwa na miaka 57, kabla ya kustaafu.

Zungumza na benki yako ya sasa kabla ya kutafuta nyingine itakayoununua mkopo huo, kwa sababu hati tayari iko mikononi mwao. Waombe mkopo mpya kwa jina lako peke yako, wenye kufuta ule wa zamani na kuongeza fedha za kumlipa mwenzako. Fedha zake ziende moja kwa moja kwenye akaunti yake siku ileile nyaraka zinaposajiliwa. Kumlipa kabla hajasaini hati ya kuhamisha umiliki ni kujitafutia kesi ya pili.

Wakili wa Mwanza

Namuunga mkono mchangiaji aliyetangulia kuhusu deni, na hoja yake ina msingi katika sheria yenyewe. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama, inapogawa mali, iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, mahitaji ya watoto, na pia madeni yaliyochukuliwa kwa manufaa ya wote wawili. Mkopo wa kununua nyumba ya familia ni deni la aina hiyo hasa. (Kazi, kwa anayejiuliza, inahusisha kazi za nyumbani, Mahakama ya Rufani ilikwisha kulisema hilo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed.) Ikiwa tuzo, yaani hati ya mahakama yenye amri ya mgawanyo, haisemi wazi kama asilimia 40 ni kabla au baada ya deni, msikubaliane kwa kubahatisha, ombeni ufafanuzi wa mahakama.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Uhamisho una ushuru wa stempu wa asilimia 1. Kuhusu kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida inayopatikana mali inapouzwa au kuhamishwa, Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu mali inayohamishiwa kwa mtalaka kutokana na talaka ihesabiwe kuwa haikuleta faida, mradi ombi lifanywe kwa maandishi. Lakini elewa kwamba unarithi gharama ya zamani, ile mliyoipatia nyumba, na siku ukiiuza nyumba faida yote itahesabiwa kwako. Mwenzako akikataa kusaini ilhali tuzo ipo, mahakama inaweza kuelekeza nyaraka zisainiwe kwa niaba yake.

Baba Neema

Mimi ndiye niliyeandika barua hiyo, miaka sita iliyopita, kwa nia njema kabisa. Mama watoto alilipa vizuri, sina lawama kwake. Nilipokwenda kuomba mkopo wa kujenga, ofisa aligeuza kompyuta yake nione: lile deni la zamani lilikuwa bado liko kwa jina langu katika taarifa za mikopo, na marejesho yake yakahesabiwa kama yangu. Niliondoka bila hata kupewa fomu. Dada, mwonyeshe baba watoto ujumbe huu. Atakaa upande wako mwenyewe.

Mama Wawili, Kigamboni

Nimewashukuru mno. Nimeitoa nakala ya tuzo kabatini, na imeandikwa "asilimia 40 ya thamani baada ya kuondoa deni la benki". Nilikuwa nimesoma asilimia tu nikaishia hapo. Baba watoto amekubali twende benki pamoja Jumatatu. Swali moja limebaki: tulikuwa na bima ya mkopo kwa majina yetu wote wawili. Itaendelea?

Dawati la Mikopo

Hapana. Bima hiyo imefungamana na mkopo wa zamani, nao ukifutwa kinga inaisha. Utaanza mpya kwa jina lako, na kwa kuwa ada yake hupangwa kwa umri na kiasi cha mkopo, waulize Jumatatu hiyo hiyo kama inalipwa mara moja au inaingizwa kwenye marejesho. Ikiingizwa kwenye marejesho, kumbuka ile nafasi yako juu ya theluthi ni shilingi 72,000 tu.