Mauti na mwt ya Misri ya kale, hebu tuliweke hili sawa

Wakuu, kuna hoja inazunguka sana kwamba kitenzi cha Kimisri cha kale mwt, yaani kufa, ndo hii mauti yetu, kwa hiyo Kiswahili kimetoka Misri na Wabantu ndo waliojenga piramidi. Mimi napinga, tena napinga nikiwa naipenda Afrika kwelikweli.

Mauti tumelitoa kwa Waarabu, wao wanasema mawt. Neno letu la asili ni kufa na ndugu zake mnawajua, Waganda okufa, Wazulu ukufa, Wanyarwanda gupfa, sasa mwt inaingilia wapi hapo?

Mwt ina ndugu zake wa damu. Kiebrania met, Kiarabu mata, na Wahausa wa Nigeria na Niger mpaka leo mtu akifa wanasema ya mutu. Hiyo ndo familia ya lugha inayoitwa Afroasia, na matawi yake karibu yote yako Afrika, kwa hiyo hata anayetaka kuitoa Misri barani kwetu kwa kigezo cha lugha naye anapotosha vilevile.

Halafu Wamisri hawakuandika irabu jamani! Kuna mwt nyingine kabisa, maana yake mama, inaandikwa kwa alama ya tumbusi, wakati ile ya kufa inawekewa mtu anayeanguka damu zinamtoka kichwani. Kwenye Kikopti, ambacho ndo Kimisri cha mwisho na kanisa la kule bado linakitumia kwenye ibada, mama ni maau na kufa ni mou, ile t ilishadondoka. Ukiokota konsonanti tatu ukajaza irabu unazotaka utapata neno lolote la lugha yoyote.

Wasomi Cheikh Anta Diop wa Senegal na Théophile Obenga wa Kongo-Brazzaville waliipigania Misri ya Kiafrika pale Cairo mwaka 1974 kwenye kongamano la UNESCO, na nawaheshimu sana kwa hilo, ila kwenye lugha wanaisimu wengi bado wanakiweka Kimisri kwenye familia ya Afroasia.

Na kinachoniuma zaidi, ndugu wa Kimisri tunao hapahapa Tanzania, Wairaqw wa Mbulu, Wagorowa wa Babati, Waburunge, lugha zao ni za Kikushi, tawi la familia hiyohiyo, na kwenye huu mjadala hakuna anayewataja. Anayebisha alete maneno mengi yanayofuatana sauti kwa sauti, sio neno moja la kuazima.